Kopo Lililoandikwa Viwili

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Mama Herufi aliamka kabla ya mumewe, kama miaka yote. Akafungua dirisha la jikoni. Akajaza maji kwenye glasi. Akalishusha kopo kutoka rafu ya pili, akalitikisa karibu na sikio kama mtu anayepima yai kama ni bovu.

"Fundi!" akaita. "Namba?"

Mume alikuwa bado anapapasa ndara chini ya kitanda. Akaja na moja tu mguuni. Akatoa karatasi ya vidonge ndani ya kopo, akaisogeza dirishani penye mwanga, akasoma.

"Mia."

"Ngapi?"

"Kimoja."

"Na chai?"

"Chai baadaye. Nusu saa, ikizidi si mbaya."

"Umefaulu. Nenda katafute mguu mwingine."

Akameza kidonge kwa maji, akafuta mdomo kwa kiganja, akakaa kwenye stuli kusubiri nusu saa yake. Mume akakaa naye. Chai ilikuwa tayari kwenye birika lakini hakuigusa. Hakuwahi kunywa chai mbele ya mtu anayesubiri. Mke akasema fremu ya dirisha inataka rangi. Mume akasema ataipiga msasa Jumamosi. Mke akasema Jumamosi ipi, maana Jumamosi zake ni nyingi kama nywele. Wakacheka. Nusu saa ikaisha, wakanywa chai.

Hapakuwa na kingine asubuhi ile.

Kesho yake homa ya mapafu ikampeleka hospitali, na hakurudi. Haikuwa tezi, wala haikuwa dawa. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu watu hupenda kufunga mafundo yasiyokuwepo. Dawa ile ilimpa miaka mingi. Lakini kuna mwezi mmoja, miaka kumi na moja kabla ya asubuhi hiyo, ambapo dawa hiyohiyo, ndani ya kopo hilohilo, ilikaribia kumnyang'anya mkono wake. Na kumnyang'anya mkono Mama Herufi kulikuwa sawa na kumnyang'anya jina.

Alikuwa mwandishi wa mabango. Kinyozi, duka la viatu, kiwanda cha mikate, zahanati, wote walimjua. Hakutumia rula. Alivuta pumzi, akaishika, brashi ikashuka kutoka juu mpaka chini, ndipo akapumua. Mstari mmoja, pumzi moja. Ukitembea mtaani ulikuwa unatembea ndani ya mkono wake.

Mumewe alikuwa mpiga plasta. Ukuta ambao mmoja alimaliza kuulainisha, mwingine alikuja kuuandika, na ndivyo walivyokutana. Siku hiyo Mama Herufi alikuwa juu ya ngazi, akageuka akauliza, "Nani amepiga plasta hii?"

"Mimi. Ina nini?"

"Haina kitu. Brashi inateleza kama iko juu ya kioo. Umeoa?"

Watu waliokuwa chini wakapasuka kwa kicheko. Fundi akaangusha mwiko. Hakuwa ameoa.

Sasa jambo moja la fundi huyo. Hakujua kusoma. Kwao hapakuwa na nafasi ya shule, na alipokua aibu ikakua pamoja naye. Herufi alizijua kama anavyojua matofali, kwa umbo. Hii ina tumbo, hii ina mguu mmoja, hii ni mayai mawili. Zinavyotamkwa hakujua. Mkewe alijua siri hiyo, na hakuna mwingine. Kila mwaka alimwambia, "Njoo nikufundishe, mkono wako unajua kazi." Kila mwaka fundi alijibu, "Kesho." Mficha uchi hazai, lakini yeye aliuficha hivyohivyo.

Mama Herufi alipofika miaka hamsini na nane alianza kupoa. Aliona baridi wakati wenzake wanajipepea. Sauti ikawa nzito, uso ukavimba, nywele zikabaki kwenye kitana. Siku moja alisinzia juu ya ngazi, brashi ikiwa mkononi. Zahanati wakapima damu. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, akasema tezi ya shingoni imechoka, haitoi tena kile ambacho mwili unakihitaji. Akaandika vidonge vya hamsini, viwili kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, maisha yote.

"Dawa ikipungua, utalala," daktari alisema. "Ikizidi, utakimbia umekaa. Vyote viwili uje uniambie."

Wiki chache, Mama Herufi akafufuka. Akaanza tena kutukana rangi mbovu. Kwa furaha akachukua kopo tupu la biskuti, akalipaka rangi ya maziwa, akaliandika kwa nyekundu yenye kivuli cheusi: VIWILI ASUBUHI. TUMBO TUPU. Kopo lilipendeza mpaka mtu mzima angetamani naye augue. Tangu siku hiyo hakusoma tena maandishi ya dukani. Alisoma kopo lake. Mtu aliyeandika mabango miaka arobaini huamini kilichoandikwa kwa brashi kuliko kilichoandikwa kwa kalamu.

Maboksi ya dawa hayakutupwa. Ndani yalikuwa meupe, mazuri kwa kujaribia rangi. Kazi ya mumewe ilikuwa kuyafungua, kuyanyoosha, na kuyachoma kwenye msumari ulio nyuma ya mlango. Mkewe akitaka kuona nyekundu gani inakubali, alipiga brashi mara moja juu ya boksi, akalirudisha kwenye msumari likauke.

Miaka mitatu ikapita hivyo, salama.

Kisha ikaja kazi ya maktaba. Jengo jipya, ukuta wa mbele mpana kama uwanja, na plasta ya ukuta huo alikuwa ameipiga fundi mwenyewe, kazi yake kubwa ya mwisho kabla ya magoti kumkatalia. Mkuu wa maktaba alitaka neno moja, MAKTABA, kila herufi ndefu kuliko mtu. Mji mzima ulijua kazi hiyo ni ya nani. Lakini siku hizo alikuwepo kijana mwenye mashine, anayekata herufi za plastiki na kuzibandika. Walimwita Stika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo tu.

"Mama," alisema, "mimi neno hilo nalimaliza kabla hujapanda ngazi."

"Na jua likiwaka linabanduka kabla hujashuka," akajibiwa.

Mkuu wa maktaba akampa kazi Mama Herufi. Ufunguzi ulikuwa baada ya miezi mitatu.

Wiki hiyohiyo dawa ziliisha, na Mama Herufi alikuwa ukutani anapima. Akamtuma mumewe zahanati. Kwenye dirisha la dawa palikuwa na foleni. Mtoa dawa alikuwa anaandika huku anazungumza, mikono yake ikifanya kazi ya watu watatu.

"Baba, safari hii zimebadilika kidogo. Maelezo yote nimeandika hapo kwenye mfuko. Muda wote asome hapo. Umeelewa?"

Fundi akautazama mfuko wa karatasi. Maandishi madogo, ya kalamu, yamelaliana. Akaitikia kwa kichwa polepole kama hakimu.

"Nimeelewa."

Hapa inabidi jambo lisemwe. Juzi yake fundi alikuwa kwa kinyozi, ameshika gazeti ili aonekane naye anasoma. Mtu akamuuliza habari gani kubwa leo. Akasema, "Hali ni ngumu." Mtu akasema, "Mzee, huo ni ukurasa wa mpira." Mkewe aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka bila ubaya. Lakini mume ilimchoma. Sasa akifika nyumbani na mfuko ulioandikwa, ataulizwa, "Wamesema nini?" na atasema hajui, na atachekwa mara mbili ndani ya wiki moja. Akaona bora asifike nao.

Akamimina karatasi za vidonge ndani ya kopo. Akanyoosha maboksi haraka haraka, akayachoma msumarini. Mfuko akautia jikoni chini ya sufuria. Ukawaka mara moja, kama kitu kisicho na maana.

Jioni mke akafungua kopo. "Mbona halikujaa? Wametupunja."

"Labda zimeadimika," fundi alisema.

Kesho yake asubuhi mke akasoma kopo, akameza viwili.

Mwanzoni ilikuwa kama baraka. Mama Herufi alifua mapazia yote siku moja. Alipanga upya kabati ambalo halikuwa na kosa. Mdogo wake akaja kutembea, akamzunguka mara mbili.

"Dada, umekonda! Unakula nini? Nipe na mimi, haya makalio yangu yanapanda kama kodi ya nyumba."

"Nakula sahani mbili kila mlo," dada akasema. "Uliza shemeji yako, anahesabu."

"Sihesabu," fundi akasema. "Naona tu sufuria haina kitu."

Kisha baraka ikaanza kuchacha. Madirisha yote wazi, na bado jasho. Choo mara nne kabla ya adhuhuri. Usingizi ukamkimbia. Alilala macho wazi, akisema moyo unagonga kama mtu aliyesahau funguo. Na hasira. Mama aliyekuwa akicheka hata akimwagiwa rangi, akamfokea mumewe kwa sababu ya kijiko.

"Kijiko kimefanya nini?" fundi aliuliza.

"Kimelia!"

Baadaye akaja akamshika bega. "Nisamehe. Sijui nina nini. Nadhani ni ule ukuta unanitisha. Au ni uzee."

Uzee una bahati mbaya. Kila mzigo usio na mwenyewe huwekwa juu yake.

Siku ya kuanza ikafika. Fundi aliishika ngazi chini. Mke akapanda na rangi, akavuta pumzi, akashusha mguu wa kwanza wa ile M.

Fundi aliona kabla hajaambiwa. Jicho la mpiga plasta halidanganyiki. Mstari ulishuka ukitetemeka, kama uzi uliolegea. Mke akajaribu tena pembeni yake. Ukatetemeka zaidi. Akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Ikatetemeka yote miwili.

Kule barabarani Stika alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Mama Herufi! Hiyo M yako inaogopa urefu?"

Watu wawili watatu wakacheka. Mama Herufi akashuka ngazi moja moja, akachukua kitambaa chenye tapentaini, akapanda tena, akaifuta M mpaka ukuta ukabaki na wingu jekundu tu. Mkuu wa maktaba akaja akiwa na uso wa mtu anayebeba mayai.

"Mama, sikukimbizi. Lakini mwisho wa mwezi ujao ukuta ukiwa mtupu, itabidi nimwite Stika."

"Mwite leo," Mama Herufi akasema.

Nyumbani aliosha brashi zake moja moja, akazifunga kwenye kitambaa, akazikaza kwa kamba. Akamsogezea mumewe.

"Mpelekee yule kijana. Zile nyembamba zitamfaa kufuta vumbi kwenye mashine yake. Na umwonyeshe ile nyekundu niliyokubaliana na maktaba, asije akabandika rangi ya ndizi."

Alisema hivyo bila machozi, na hapo ndipo fundi aliogopa. Mke angelia, yeye angejua la kufanya.

Akaenda nyuma ya mlango. Ile nyekundu ilikuwa kwenye boksi la zamani, chini. Ya juu yake yalikuwa mapya, bado meupe. Akayachomoa yote, akayashika mkononi kama karata. La mwisho likaponyoka, likaanguka kifudifudi, upande wa dukani ukatazama juu.

Mstari wa bluu, sawa na siku zote. Jina refu la dawa, umbo lilelile. Lakini mwishoni mwa jina, pale palipokuwa siku zote na umbo lenye kofia na tumbo, kisha yai moja, sasa palikuwa na fimbo. Fimbo, yai, yai.

Akageuza la zamani. Kofia na tumbo, yai.

Akageuza jipya lingine. Fimbo, yai, yai.

Fundi hakujua kusoma. Lakini fimbo na mayai mawili alizijua. Alizijua kwenye noti, kama alivyoijua kofia na tumbo kwenye mifuko ya saruji. Akakumbuka mfuko wa karatasi ukiwaka chini ya sufuria.

Angeweza kunyamaza. Boksi dogo, moto uko karibu, na mtu yule alikuwa amekwishazoea kunyamaza. Lakini alilitazama lile furushi la brashi lililofungwa kamba, akapiga moyo konde, akaingia chumbani.

"Mke wangu," akasema, "hii ni ngapi?"

Mama Herufi akatazama. "Mia."

"Na hii?"

"Hamsini." Akayachukua maboksi yote mawili. Akatazama kopo rafuni. Midomo yake ikawa inasoma bila sauti.

"Mfuko ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Uko wapi?"

"Niliuchoma."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umeandikwa," fundi akasema. Akalia yeye.

Kisha fundi akasikia sauti asiyoitarajia. Mkewe alikuwa anacheka. Alicheka na mkono ukitetemeka, na maboksi yakichezacheza mkononi.

"Siku arobaini!" akasema. "Siku arobaini nameza mara mbili ya kipimo changu, nikasema ni uzee! Na aliyenisomea ni nani? Huyu wa 'hali ni ngumu'!" Akafuta macho. "Nitakukasirikia baadaye, kwa utulivu, nikiwa na mkono wangu. Chukua kopo. Chukua maboksi. Twende."

Daktari aliweka vidole kwenye mshipa wa mkono wake, akatazama saa.

"Mia na ishirini, na umekaa. Umekimbia tangu lini?"

"Nilidhani ni uzee. Nimekonda, na kila mlo nakula sahani mbili."

"Uzee haukondeshi mtu kwa mwezi mmoja huku anakula sahani mbili. Mikono inatetemeka, jasho, choo, usingizi hakuna, kijiko kikilia unapiga kelele?"

"Nani amekuambia habari za kijiko?"

"Kila mtu ana kijiko chake, mama." Akamtazama juu ya miwani. "Dawa hii inajaza pengo. Pengo likijaa, ukaendelea kumimina, inamwagika ndani ya mwili. Moyo unapigwa mjeledi, mwisho unaweza kupoteza mdundo. Mifupa nayo inalika kimyakimya, hutajua mpaka uvunjike. Na kwa umri wako haya yanakuja upesi. Mmefanya vizuri kuja na kopo. Wengi huja na kumbukumbu tu, na kumbukumbu inadanganya."

Wakambandika waya kifuani. Mdundo ulikuwa wa haraka lakini ulikuwa sawa. Wakatoa damu, na damu ikathibitisha. Mama Herufi akauliza kama aache dawa kabisa, maana ameichukia.

"Ukiacha kabisa utarudi kusinzia kwenye ngazi. Ukijipunguzia kwa kubahatisha, tutakuwa tunatafuta njia gizani. Pumzika kuimeza siku hizi nilizokuandikia, kisha kimoja cha mia, basi. Na hii nyingine ya kutuliza mapigo, wiki mbili tu. Baada ya wiki sita rudi tupime damu. Kila kipimo kikibadilika, wiki sita, damu. Hata ukijisikia mzima."

"Mkono wangu utarudi?"

Daktari hakuapa. "Dawa hii hutoka mwilini polepole. Upe wiki kadhaa. Nadhani utarudi."

Wakati wa kutoka, fundi alimwacha mkewe kwenye benchi. Akaenda dirisha la dawa. Foleni ilikuwa ndefu. Aliposikilizwa, hakushusha sauti.

"Siku ile uliniuliza kama nimeelewa. Nilisema ndiyo. Mimi sijui kusoma."

Mtoa dawa akaacha kuandika. Uso ukambadilika. "Baba... na mimi sikukuambia kwa mdomo."

"Basi tumegawana," fundi akasema.

Nyuma yake mzee mmoja mwenye fimbo akakohoa. "Kijana, na mimi nisomee huu wangu," akasema. "Juzi pia sikusoma."

Nyumbani Mama Herufi alifungua kamba ya furushi. Hakumpelekea Stika kitu. Alimwomba mumewe kazi moja: upande wa nyuma wa nyumba, plasta mpya, laini, upana wa mlango. Magoti yalilalamika, akaipiga. Tangu hapo, kila asubuhi baada ya chai, mke alivuta pumzi na kushusha mstari mmoja, mweusi, pembeni ya ule wa jana.

Wa siku ya kwanza ulikuwa kama njia ya konokono aliyelewa. Wa tano haukuwa na tofauti. Wa nane ulinyooka juu, ukalewa chini. Siku ya kumi na moja ulirudi nyuma, mke akatupa brashi bustanini, mume akaenda kuiokota bila kusema. Usingizi ulikuwa umeanza kurudi. Moyo uliacha kugonga mlango. Vijiko vikapata amani.

Siku ya ishirini na sita fundi alikuwa ndani akasikia anaitwa.

"Leta uzi wako!"

Akaja na uzi na timazi, ile risasi nzito ya kupimia ukuta. Akaining'iniza juu ya mstari mbichi, akasubiri risasi itulie. Akasogeza jicho. Akasogeza tena. Uzi ulikuwa umeuficha mstari wote, kutoka juu mpaka chini, kama hakuna kilichochorwa.

"Vipi?" mke akauliza.

"Sioni mstari," fundi akasema.

"Huoni nini?"

"Siuoni. Uzi umeufunika wote."

Mama Herufi akapiga kigelegele mpaka jirani wa tatu akaja kuuliza nani anaolewa.

Walipanda ukutani siku nne kabla ya mwisho wa mwezi. Mkuu wa maktaba alikuwa chini anauma kucha. Stika alikuwa na mashine yake ndani ya gari, tayari. Mke akavuta pumzi. Mguu wa kwanza wa M ukashuka. Fundi hakuhitaji timazi. Wa pili, wa tatu. Ilipofika jioni, M na A zilikuwa zimesimama ukutani kama watu wenye haki ya kusimama pale. Siku ya pili watoto wa shule wakasimama njiani wakisoma kila herufi inapozaliwa. Kinyozi alifunga duka. Mwenye viatu alileta stuli, akakaa kabisa. Siku ya nne, A ya mwisho ilipokamilika, shangwe ilipanda mpaka ndege wakahama paa.

Mama Herufi akageuka juu ya ngazi, akamtafuta mtu kwa macho.

"Stika! Bado zinaogopa urefu?"

Kijana akavua kofia. "Mama, mimi ndiye ninayeziogopa."

Naye ndiye aliyebeba ngazi kuirudisha nyumbani. Tangu siku hiyo hakumwona tena Mama Herufi na ngazi bila kuuliza inakwenda wapi, aibebe yeye.

Wiki ya sita damu ikapimwa. Daktari akasoma karatasi, akavua miwani. "Umekaa, na umetulia," akasema. Mama Herufi aliilipa zahanati kwa njia yake. Juu ya dirisha la dawa aliandika, kwa bluu, herufi kubwa: DAWA IMEBADILIKA? ULIZA KWA MDOMO. UJIBIWE KWA MDOMO. Na mtoa dawa, mpaka leo, hamwachii mtu aondoke kabla hajarudia kwa sauti yake mwenyewe: namba gani, ngapi, saa ngapi.

Fundi naye alilipa. Kila asubuhi, katika ile nusu saa ya kusubiri chai, alikaa na mkewe mbele ya ile plasta ya nyuma ya nyumba, akafundishwa. Alianza na fimbo na yai. Alikuwa na miaka sitini na sita. Kwa kinyozi sasa anasoma ukurasa wa mpira, kwa sauti, hata asipoulizwa.

Ile mistari ishirini na sita bado iko ukutani. Fremu ya dirisha imepigwa msasa, ikapakwa rangi, Jumamosi moja baada ya mazishi. Kopo liko rafu ya pili. Sasa limeandikwa KIMOJA. SOMA NAMBA KWANZA. Siku mke alipokuwa anayakwangua yale maandishi ya zamani kwa kisu, mume alimsihi aache, kwa kuwa herufi zile zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Aongeze tu neno pembeni. Hakuacha kukwangua. Alisema:

"Fundi, kibao kikianza kudanganya, usikihurumie kwa uzuri wake. Leta kisu kingine, hiki kimekuwa butu."